Nani Aliikata Kabari ya Bawa la Kulia

Vijana wangu wa karakana, mliponiomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukibuni ndege ndogo za mbio, mlinipa na kichwa cha habari kabisa: "Siri za Kasi". Nimekaa nacho wiki nzima na sijapata siri hata moja. Nilichonacho ni mambo ambayo sikuyaelewa wakati ule, na mengine niliyodhani nimeyaelewa, lakini nikiyafikiria sasa nikiwa na kikombe changu cha chai naona bado yananichanganya. Kama mlitaka mtu mwenye majibu, mngemfuata mwingine. Mimi nitawasimulia tu, na la kufanya mtajua wenyewe.

Kwa ambao hatujaonana, naitwa Tusajigwe, lakini hapa Mbeya wengi hunijua kama Mama Atu. Nilisomea kuchora ramani za nyumba. Kisha nikaolewa na Lutengano, fundi wa injini za ndege za kunyunyizia dawa mashambani, mtu ambaye akiona hata tiara la mtoto linapaa anasimama katikati ya barabara. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye wazimu huu. Mchana alitengeneza ndege za watu, na siku za mapumziko tulitengeneza yetu: kiti kimoja, mabawa mafupi ya mbao, injini ndogo, ya kushindana na wapenzi wenzetu wachache kwa kuzunguka nguzo uwanjani.

Ninyi mnaanza kwa kuwasha kompyuta. Mmenionyesha ile picha ya ndege inayozunguka kwenye kioo ikiwa na rangi nyekundu na bluu, na nimetikisa kichwa kama ninaelewa. Sikuelewa. Sisi tulianza na makalio ya rubani. Ndege ya mbio inatakiwa iwe nyembamba kadiri mtu anavyoweza kuvumilia, kwa hiyo unamkalisha rubani kwenye stuli, unampima mabega, nyonga na magoti, halafu unachora mwili wa ndege kumzunguka yeye. Nilimpima Lutengano kwa tepu ya fundi cherehani, mama mkwe akidhani ninamshonea suti. Mwezi wa kumi na mbili tukaenda Tukuyu kula Krismasi, na tuliporudi hakuingia kwenye kiti.

"Umechora vibaya," akaniambia.

"Mimi nimechora mtu niliyempima. Wewe ni mtu mwingine."

Tuligombana siku mbili kuhusu nani amebadilika, mchoro au mume. Kwa hiyo mkinisikiliza kwa jambo moja tu, liwe hili: mpimeni rubani akiwa ameshiba na amevaa koti, maana baridi ya Mbeya mnaijua.

Ndege yetu ya kwanza ilitutia aibu. Vipimo vya mabawa tuliviiga kwenye mchoro wa watu wa nchi za tambarare, tukaona tukiyafupisha kidogo tutapata kasi zaidi. Kwenye uwanja wa zamani hapa mjini ilikimbia vizuri, ikaendelea kukimbia, ikafika mwisho wa uwanja ikiwa bado inakimbia. Haikunyanyuka. Tukasema injini inaumwa. Tukaifungua yote, tukaifunga, tukaifungua tena. Mwisho tulikata tamaa, tukaipakia ndege kwenye Fuso kwenda Igawa, kwa mkulima wa mpunga aliyetaka injini ya kuvutia maji. Lutengano akaomba aiendeshe mara moja ya mwisho, kama kuaga, kwenye njia ya nyasi pembeni ya mashamba. Ikapaa! Mkulima alibaki na mpira wa maji mkononi, sisi tunarukaruka, na hakuna aliyejua kwa nini ndege iliyogoma Mbeya imekubali Igawa.

Leo mnajua, na mimi najua kwa kuambiwa: Mbeya tuko juu, hewa ni nyepesi, injini inapumua kwa shida na bawa linakosa cha kushika. Igawa ni chini. Lakini siku ile nilirudi nyumbani nikidhani ndege ina mahali inapopapenda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, lile la bawa la kulia la ndege yetu ya pili. Ndilo linalonikosesha usingizi mpaka sasa nimestaafu.

Fundi wetu wa mbao alikuwa baba mkwe wangu, baba yake Lutengano, mwenye karakana Mwanjelwa. Alitengeneza milango, vitanda na majeneza, na mabawa yetu. Jina lake sitaliandika. Najua mtanicheka, lakini mkamwana wa Kinyakyusa wa malezi yangu hatamki jina la baba mkwe, hamtazami usoni, wala hakai naye chumba kimoja. Wengi wameiacha desturi hiyo. Mchungaji mwenyewe alikuja kumweleza mzee kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mzee akamsikiliza kwa heshima, akamwambia ndaga, yaani asante, na mimi nilipopita uani akageukia ukutani kama kawaida.

Kwa hiyo tulifanya kazi pamoja bila kuwa pamoja. Karakana ilikuwa na milango miwili. Nikifika mlango wa uani nilikohoa, naye akaweka randa chini akatokea mlango wa barabarani kwenda kunywa chai. Nilibandika mchoro ukutani, nikapima kilichofanyika, nikaondoka. Akirudi aliusoma mchoro na kuendelea. Likiwapo la lazima, mama mkwe alilibeba: "Baba anasema mbao hii ina fundo." "Mwambie baba aigeuze." Miaka ilipita hivyo na hatukuwahi kukwaruzana, ingawa nilikuwa sijaziona hata nyusi zake vizuri. Nilimpenda mzee yule, na sikuwa na namna ya kumwambia.

Mwezi wa sita mmoja gundi ilikataa kukauka kwa baridi. Niliwaza nifanyeje, na nilipofika asubuhi nikakuta bawa limefunikwa mablanketi yote ya mama mkwe, na mama mkwe amejifunga vitenge vitatu, amenuna. Sikuwa nimemwambia mtu. Mzee aliwaza nilichowaza. Siku ile niliona tunaelewana kuliko watu wanaoongea, na hapo ndipo tulipoanza kupotea.

Kuna kitu kwenye bawa tulikiita msokoto. Nyosha mkono wako pembeni, kiganja kikitazama chini, halafu kizungushe kiganja tu, kidole gumba kishuke kidogo. Basi. Ncha ya bawa inainamishwa pua yake kidogo kuliko shina, pale bawa linapoungana na mwili, ili ndege ikipunguza mwendo, shina lichoke kubeba kwanza na ncha iendelee kushika. Rubani anapata nafasi ya kujiokoa. Ukiuondoa msokoto unapata kasi kidogo, lakini ncha ikichoka ghafla bawa linaanguka upande mmoja. Na mabawa mawili yakitofautiana, lile bapa litaanguka kwanza, rubani akiwa chini chini anazunguka nguzo. Hapo hakuna wa kuomba ila Mungu.

Msokoto tuliuweka kwa kabari. Bawa linajengwa juu ya meza ndefu, na karibu na ncha, upande wa nyuma, unachomeka kabari ya mbao kuliinua. Ukishagundisha plaiwudi juu na chini, msokoto umefungwa humo moja kwa moja. Kwenye mchoro wangu niliandika kabari ya milimita thelathini.

Ndege hii ya pili ilikuwa ya kwetu na ya Fundi Nyenza wa Iringa, mwenye karakana Ipogolo, Mhehe mmoja mwenye mguu mbovu na maneno mengi. Alipoona michoro yote inakwenda Mwanjelwa alikuja juu.

"Bawa moja lisipozaliwa Iringa, hiyo ndege mtairusha wenyewe," akasema. "Nitawaambia nini watu wangu? Kwamba nilichangia misumari?"

Tukampa bawa la kushoto, na mchoro uleule.

Sasa sikilizeni. Jumamosi moja nikakohoa, mzee akatoka, nikapima kabari ya nchani. Ishirini na sita. Nikapima tena. Ishirini na sita. Nikaenda kununua rula nyingine sokoni, maana nilishuku yangu. Ishirini na sita!

Nikakaa kwenye benchi nikiwaza. Labda mzee anataka mwanawe awe na kasi zaidi. Labda anajua mbao hii ikitoka mezani itajisokota yenyewe kidogo, akanipunguzia kabla. Fundi wa miaka yake hujua vitu ambavyo rula haivijui. Nimtume mama mkwe akamwulize? Kumwuliza mzee kwa nini amekata kabari ni kumwambia amekosea, tena kupitia kwa mkewe. Nimwambie Lutengano? Huyo angechagua kasi bila kufikiri. Basi nikafanya la heshima. Nikachora mchoro mpya wenye thelathini na nne, nikijua akipunguza nne tutarudi palepale. Nikaubandika juu ya ule wa zamani, nikaenda zangu.

Jumamosi iliyofuata kabari ilikuwa thelathini kamili. Nilifurahi nikanunua nyama. Iliyofuata tena, ishirini na tano. Nikachora thelathini na tano. Ikawa ishirini na tisa, halafu ishirini na mbili. Nikaanza kushuku panya. Nikashuku mvua. Kuna siku nilishuku kwamba ni mimi nisiyejua kusoma namba, nikamwita Atu wangu aliyekuwa ameanza shule anisomee rula. Alisoma kama mimi.

Mwisho nilichoka. Jumamosi ile nilipaswa kuongeza tena, sikuongeza. Nikasema baba anajua anachofanya, mimi ni nani. Wiki hiyohiyo mama mkwe akaja na ujumbe: "Baba anasema imekwisha." Alikuwa ameshagundisha. Na mzee akisema imekwisha, huwezi kurudi nyuma yake na rula. Hilo sikuwaza hata kulifanya.

Mabawa mawili yalikutana kwa mara ya kwanza Igawa, kwenye njia ile ya nyasi. Kibali cha majaribio tulikuwa nacho. Nyenza alishuka na bawa lake limezungushiwa magodoro, mzee na Lutengano wakaja na la kulia, wakayafunga. Mimi nilikaa mbali kwa sababu mzee yupo. Yeye alipewa kazi ya kusimama mbele upande wa kushoto, pale rubani anapomwona, anyanyue mkono kumruhusu Lutengano aondoke. Injini ikawaka.

Nilikuwa nyuma ya mkia, mbali kidogo, Nyenza kando yangu. Nikatazama ncha ya kushoto, halafu ya kulia. Ukitazama ndege kutoka nyuma unaona jinsi kila ncha ilivyoinama. Ya kushoto niliiona imeinama. Ya kulia imelala bapa kabisa. Nikafikicha macho, jua la Igawa linacheza na nyasi, nikadhani ni mvuke wa joto.

"Kamwene fundi," nikamsalimu Nyenza kwa Kihehe, kwa sauti ya kuishinda injini. "Wewe ulifuata mchoro upi?"

"Mchoro upi tena? Si ule ule mmoja!"

"Ile mingine uliipata?"

"Mingine ipi, mama? Mimi nililetewa mmoja tu."

Mchoro wa pili na wa tatu sikuipeleka Ipogolo kwa sababu Nyenza hakuwa anapunguza kabari. Ile ilikuwa siri ya heshima kati yangu na mzee. Bawa la Iringa lilikuwa na thelathini ya mwanzo, na la Mwanjelwa lilikuwa na sijui nini. Mume wangu amekaa katikati, amefunga kifuniko, anatazama mbele. Nikipiga kelele hasikii. Nikimkimbilia, kuna pangaboi. Nyenza na mguu wake hafiki. Aliyebaki ni mtu mmoja tu anayeonekana na rubani, na huyo ndiye nisiyeruhusiwa hata kumtazama.

Mzee akanyanyua mkono.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka kitenge kilinidondoka kichwani na sikukiokota. Nilizunguka ncha ya kushoto, nikafika mbele yake, uso kwa uso, nikaukamata ule mkono juu angani kwa mikono yangu miwili, nikaushusha kwa nguvu. Alikuwa na nyusi nyeupe. Ndiyo mara ya kwanza nilipoziona. Injini ikazimwa nyuma yangu.

Lutengano alishuka akiwa amekasirika. "Mama Atu! Umemshika baba?"

Nilikuwa nimeshapiga magoti, uso chini. Nyenza akaja akichechemea. Mzee alikuwa amegeukia mashamba ya mpunga.

"Mwambieni aseme alichoona," akasema.

"Mzee wangu, si huyu hapo miguuni kwako?" Nyenza akauliza. "Nimwambie nini ambacho hajasikia?"

"Mwambieni."

Nyenza akaniinamia. "Umeambiwa useme ulichoona."

"Mwambieni baba bawa la kulia halina msokoto."

Walipima. La kushoto thelathini, la kulia sita. Lutengano alisoma ile sita, akairudia kwa sauti ndogo, kisha akakaa chini kwenye nyasi akashika magoti. Hasira ilimwisha palepale. Nami nilipomwona amekaa pale ndipo nilipoanza kulia.

Mzee akaongea na mpunga. "Mwambieni, mchoro uliongezeka, ukaongezeka tena. Nikasema mtoto wa watu amechoka, ana nyumba, ana watoto, hesabu zinamponyoka. Sikutaka kumwaibisha. Nikawa napunguza kimyakimya, irudi thelathini. Nikaona nikipunguza, anaongeza. Mara ya mwisho nikapunguza sana, nikijua ataongeza."

"Mwambieni baba sikuongeza," nikasema. "Mwambieni kabari ilikuwa inapungua tangu mwanzo, ndiyo maana nikaongeza."

"Mwambieni tangu mwanzo mchoro ndio uliongezeka, ndiyo maana nikapunguza."

Nyenza alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa karibu na Lutengano. "Wanyakyusa ninyi," akasema, "mngemuua huyu kijana kwa adabu."

Ndege haikuruka siku ile. Mabingwa wa kompyuta, msiniulize kama kweli angeanguka. Wengine waliniambia rubani mzuri angelimudu bawa lile. Wengine walisema asingemaliza hata kona moja. Nimewasikiliza wote na sijui nimwamini nani. Baadaye ilikuja kuruka ikiwa na bawa lililotengenezwa upya, ikaenda sawa, na kwenye mbio Lutengano alishika nafasi ya pili kutoka mwisho, kwa sababu alikuwa amenenepa tena.

Wazee wa ukoo walikaa kuhusu mkono wangu. Kosa la namna ile lina taratibu zake. Mzee akawaambia hakuna mkwe aliyemgusa. "Aliyenishika ni fundi mwenzangu," akasema, na kikao kikaisha bila mtu kujua kimeamua nini.

Lakini bawa lilipaswa kufumuliwa na kujengwa upya, na safari hii hakuna aliyethubutu kutuacha tufanye kwa zamu. Nilipokohoa mlangoni mzee hakutoka. Aligeukia ukuta tu akaendelea kupiga randa. Nikaingia nikasimama upande wa pili wa meza, nikampa mgongo. Karakana nzima tulikuwa wawili.

"Mwambieni ashike ncha," akauambia ukuta.

Nikashika ncha. "Mwambieni baba nimeshika," nikaujibu ukuta wa upande wangu.

Tulifanya hivyo asubuhi yote. Kisha randa ikanyamaza.

"Mwambieni," akasema polepole, "ile Jumamosi ya kwanza kabisa. Kabla ya mchoro wa pili. Kabari aliikata yeye?"

"Hapana. Mwambieni baba mimi siku ile nilikuja na rula tu. Nilidhani aliikata yeye."

"Sikuikata."

Nje watu wa soko walikuwa wakipiga kelele za bei. Nilikuwa naogopa, na ninadhani na yeye aliogopa, maana ilikuwa inatubidi tuamini kwamba mmoja wetu amesahau, au mbao ilisinyaa yenyewe, au mtu fulani tusiyemjua aliingia akahitaji kipande cha mbao cha milimita nne. Mpaka leo sijapata jibu, na mzee ameondoka bila kulipata.

"Basi mwambieni," akasema, "tupime tena."

Tukapima. Yeye alisoma namba yake kwa sauti, mimi nikasoma yangu, na tulipoona ni thelathini zote mbili, tukabadilishana nafasi, tukapima tena.